Mirathi ya Wachola

Nina miaka 19 nikiwa karani wa mahakama ya mwanzo, na mafaili niliyoyashika zaidi ni ya mirathi. Mtu amefariki, ukoo umekaa, mhtasari wa kikao umeletwa dirishani, msimamizi amependekezwa. Karibu kila mhtasari una sentensi ileile: "Kikao kiliridhia kwa kauli moja." Nimejifunza kusimama hapo na kusoma tena. Palipoandikwa kauli moja, mara nyingi kuna mtu aliyeondoka kabla ya dua ya kufungia kikao, au hakuitwa kabisa, na siku si nyingi atakuja na pingamizi mkononi.

Mhtasari wa aina hiyo nimeukuta mahali ambapo sikuutarajia, kwenye mabamba ya shaba ya wafalme wa Kichola, waliotawala nchi ya Watamil kusini mwa India kuanzia karne ya 9 hadi ya 13.

Mwaka juzi nilimsindikiza dada yangu mkubwa Chennai akafanyiwe upasuaji wa moyo. Watanzania wengi wanaijua safari hiyo: michango ya ndugu, viza ya matibabu, begi lenye unga wa sembe na dagaa. Upasuaji ulikwenda vizuri, alhamdulillahi, lakini daktari hakutaka apande ndege kabla ya wiki mbili. Tulikuwa tumepanga chumba kwa mwalimu mmoja mstaafu wa historia. Jioni aliniuliza kazi yangu, nikamwambia ni kuandika nani kafa na nani arithi. Akanyanyuka, akarudi na kabrasha la tafsiri za maandishi ya kale, akaniambia kwamba hiyo ndiyo kazi iliyomweka mjini miaka yote.

Siku ya nane Dada akaniambia, "Mdogo wangu, nenda na huyo mzee ukaione hiyo misikiti yao. Mimi nina mwanangu hapa." Nikamwambia si misikiti, ni mahekalu. Akasema niende tu.

Tulipanda treni ya usiku kwenda Thanjavur.

Hekalu kubwa la Thanjavur lilikamilika mwaka 1010, chini ya mfalme Rajaraja wa kwanza. Mnara wake unapita mita 60, wa mawe matupu, na kila anayefika huanza kwa kuinua kichwa. Mwalimu alinivuta nitazame chini. Msingi wa hekalu umezungukwa na herufi. Mstari juu ya mstari, pembe hadi pembe, herufi za Kitamil zimechongwa kwenye itale, nyingine zikiwa zimelika kwa mvua, nyingine zikiwa kali kana kwamba fundi kaondoka jana. Akaweka kidole chini ya mstari mmoja, akasoma polepole, akanitafsiria. Siku ya 20 ya mwaka wa 26 wa utawala wake, mfalme akiwa ndani ya jumba lake la Thanjavur alitoa amri kwa mdomo: vichongwe jiweni, kwenye mnara mtukufu, vile tulivyotoa sisi, vile alivyotoa dada yetu mkubwa, vile walivyotoa wake zetu, na vile walivyotoa wengine.

Nilimwomba asome tena. Sisi, dada yetu, wake zetu. Dada huyo anaitwa Kundavai, na katika orodha ya mfalme anatangulia wake zake wote. Nilisimama pale nikimfikiria wangu, yuko kitandani Chennai na mshono kifuani.

Ili kuelewa kwa nini dada yupo mahali pale inabidi kurudi nyuma kidogo, na hapa naomba msomaji avumilie majina.

Babu yao mkuu, Parantaka wa kwanza, alitawala tangu mwaka 907 hadi 955 hivi. Mrithi wake aliyemtayarisha, Rajaditya, aliuawa vitani Takkolam mwaka 949 akiwa juu ya tembo. Kiti kikaenda kwa mwana mwingine, Gandaraditya. Gandaraditya alipoondoka mwanawe alikuwa mdogo, kwa hiyo ufalme ukamwangukia mdogo wake, Arinjaya, ambaye hakudumu, kisha mwana wa Arinjaya, Sundara Chola. Sundara ndiye baba wa watoto watatu tunaowazungumzia: Aditya, Kundavai, na Arulmozhi, ambaye baadaye alijiita Rajaraja.

Lakini yule mtoto wa Gandaraditya hakubaki mdogo milele. Alikua, akawa mtu mzima, jina lake Uttama, na mama yake, Sembiyan Mahadevi, alikuwa mwanamke mwenye heshima kubwa nchini. Kila karani wa mirathi ataliona shauri hili mara moja. Mali ya kaka imekwenda kwa mdogo mtu kwa sababu mtoto hajakua. Mdogo mtu kafa, na mali sasa iko kwa watoto wake. Mtoto wa kaka kakua, anauliza changu kiko wapi. Nimeona mashamba ya minazi yakigombewa kwa sababu hiyohiyo, na hoja za pande zote mbili huwa nzuri.

Sundara alimtawaza Aditya, mwanawe wa kwanza, awe mrithi na mtawala mwenza. Kijana alikuwa shujaa. Maandishi yake yanamwita "aliyechukua kichwa cha Pandya", maana alimuua mfalme wa Madurai. Kisha, karibu na mwaka 970, Aditya akafa. Baba naye akafuata. Anayekalia kiti baada yao si Arulmozhi. Ni Uttama.

Ilikuwaje? Mabamba ya shaba ya Tiruvalangadu yana jibu. Ni mabamba 31, yaliyotungwa kwenye pete moja kama funguo, na pete imefungwa kwa muhuri wa simbamarara wa Wachola akiwa pamoja na samaki wawili wa Pandya na upinde wa Chera, yaani alama za majirani walioshindwa zimewekwa ndani ya muhuri wa mshindi. Yalichongwa wakati wa Rajendra, mwana wa Rajaraja. Sehemu ya Kisanskriti inasimulia nasaba yote, na ikifika kwa Aditya inasema kwamba baada ya kukisimamisha kichwa cha Pandya kama nguzo ya ushindi alitamani kuiona mbingu, akatoweka. Jina Aditya maana yake ni jua, kwa hiyo mshairi anamzamisha kama jua linavyozama. Giza likatanda. Raia wakamwomba Arulmozhi atawale awaondolee giza, lakini yeye, kwa kuwa alijua adabu ya wafalme, hakuutaka ufalme hata moyoni, madhali baba yake mdogo alikuwa anautamani. Naye huyo baba mdogo alipozitazama alama za mwilini mwa kijana akatambua kwamba ni mungu Vishnu mwenyewe kashuka duniani, akamfanya mrithi, ndipo akaubeba mzigo wa kutawala.

Mwalimu aliponimalizia kusoma nilicheka kwa furaha ya kumkuta mtu unayemfahamu. Kikao kiliridhia kwa kauli moja! Hakuna aliyegombana. Mmoja alitamani, mwingine akaachia, na anayetamani ndiye anayekiri kwamba aliyeachia ni mungu. Lakini tazama neno moja ambalo mwandishi hakuweza kulificha, nalo ni "anautamani". Katika mihtasari ninayoipokea pia huwa limebaki neno moja kama hilo.

Maandishi haya yote ya kifalme yanasema kweli kwa namna yake, na sipendi kusikia watu wakiyaita uongo. Mtu hachongi shaba kwa jambo lisilo na ubishi. Ukiona aya tatu nzima zinaeleza kwa nini fulani alistahili kiti, basi kuna aliyesema hakustahili. Hati ya nasaba ni majibu, na swali lenyewe halimo.

Jinsi Aditya alivyokufa shaba haisemi. Jibu liko kwenye ukuta wa hekalu dogo la Anantisvara huko Udaiyargudi, karibu na ziwa kubwa la Viranam. Humo hamna ushairi wala simbamarara. Ni barua ya mfalme Rajaraja ya mwaka wa pili wa utawala wake, karibu na mwaka 987, kwa wazee wa baraza la kijiji, kuhusu ardhi. Inasema ardhi hiyo ni ya wasaliti waliomuua Karikala Chola, yaani yuleyule Aditya, "aliyechukua kichwa cha Pandya", na inawataja: Soman, ndugu yake Ravidasan, na Paramesvaran. Mali zao zinachukuliwa, pamoja na za jamaa zao wa damu na wa ndoa, ziuzwe. Kuna mtu kainunua sehemu na kuitoa sadaka ya kuwalisha Wabrahmani, watu wa tabaka la makuhani. Sadaka hiyo ndiyo iliyochongwa. Mauaji ya mrithi wa ufalme yametajwa njiani tu, kwa sababu mnunuzi alitaka ijulikane kwamba ardhi aliyoitoa ina hati safi.

Hapo nilikaa kwenye kivuli nikanywa maji. Hivi ndivyo ninavyopata ukweli kazini. Ukimuuliza mtu ugomvi ulikuwa nini atakuambia hapakuwa na ugomvi. Ukitazama hati ya mauziano ya kiwanja utakuta "kilichokuwa cha marehemu fulani kabla ya mgawanyo wa tarehe fulani", na hapo umepata kila kitu.

Wauaji wawili kati ya hao walikuwa na vyeo vya maofisa wa kibrahmani, na kimoja, Panchavan Brahmadhirajan, kina jina la Wapandya ndani yake. Kwa hiyo wapo wanaosema ni kisasi cha Madurai kwa kile kichwa. Wengine wanauliza mbona Uttama alitawala zaidi ya miaka 12 na hatuna andiko lake hata moja linalowafuata wauaji, mpaka mdogo wa marehemu aliposhika kiti. Mwanahistoria K. A. Nilakanta Sastri alimtilia shaka Uttama waziwazi. Mimi nina maoni yangu, na nitayatoa, lakini kwanza lazima nimzungumzie mama yake.

Sembiyan Mahadevi alibaki mjane ujanani na aliishi muda mrefu, hadi ndani ya utawala wa Rajaraja. Kazi yake ilikuwa kubomoa mahekalu ya matofali yaliyochakaa na kuyajenga upya kwa mawe. Mahekalu yale ya zamani yalikuwa na maandishi ya sadaka: fulani katoa taa, fulani katoa shamba. Mjenzi mwingine angeyaacha yavunjike. Yeye, kwa mfano pale Tirukkodikaval, aliamuru yanakiliwe kwenye kuta mpya, na mchongaji anasema wazi kwamba hii ni nakala ya jiwe la zamani. Wakulima waliotoa kondoo miaka mingi kabla yake wamepona kwa sababu ya mwanamke huyu. Mtu ambaye kazi yake ni kutunza hati anapaswa kumjua.

Rajaraja aliposhika kiti mwaka 985 hakumgusa. Alimheshimu mpaka mwisho. Mwana wa Uttama, ambaye kwa hesabu nyingine angeweza kudai kiti, hakupewa ufalme lakini hakuuawa pia. Anaonekana kwenye maandishi akiwa ofisa wa Rajaraja anayekagua hesabu za mahekalu. Na mwana wa Rajaraja mwenyewe, kabla ya kuitwa Rajendra, aliitwa Madhurantaka, jina lilelile la Uttama. Mtu anayeamini kwamba baba yake mdogo alimuua kaka yake angempa mwanawe jina hilo? Mimi naona hapana. Naona familia iliyopigwa na msiba, ikafanya mapatano magumu, na mapatano yakashika. Aliyelipa gharama yake ni Uttama: alitawala yeye, kizazi chake hakikurithi.

Kuna kitu kidogo kinachonisumbua bado. Wafalme wa Kichola walipokezana vyeo viwili, Rajakesari na Parakesari, mmoja hiki na anayefuata kile. Ni kama mtindo wa kuandika namba za jalada, na umewasaidia sana wanaopanga orodha ya wafalme, maana majina yao yanafanana hadi kuchanganya. Sundara alikuwa Rajakesari. Aditya, mrithi wake, akawa Parakesari. Uttama alipotawazwa angeweza kuhesabu Aditya na kujiita Rajakesari. Alijiita Parakesari. Kwenye hesabu ya vyeo Aditya hayupo, ni kana kwamba zamu yake haikuwahi kufika. Huenda ni utaratibu tu, kwa kuwa hakutawala peke yake. Lakini mimi, nikiwa nimewahi kuona jina la mtoto likirukwa kwenye orodha ya warithi kwa sababu "alitangulia kufa kabla ya baba", nilihisi kitu kikinichoma.

Wachola wana desturi nyingine niliyoipenda, ya kuwaita marehemu kwa mahali walipolala. Neno wanalotumia lina maana ya kulala na ya kufa kwa pamoja. Rajaditya ni "bwana aliyelala juu ya tembo". Sundara ni "bwana aliyelala kwenye jumba la dhahabu". Arinjaya ni "bwana aliyelala Arrur". Na Gandaraditya, mume wa yule mjane, ni "bwana aliyekwenda magharibi". Basi, kama alivyoondoka.

Baadaye walijifunza kujihami. Rajaraja alimtawaza Rajendra miaka miwili kabla ya kufa kwake mwaka 1014. Rajendra, yule ambaye majeshi yake yalifika mto Ganges na merikebu zake zikaipiga Srivijaya, huko Sumatra, mwaka 1025, alimweka mwanawe Rajadhiraja kuwa mfalme mwenza tangu mwaka 1018, yaani miaka 26 kabla ya mirathi yenyewe. Ndiyo maana miaka ya tawala inapandana na kumchanganya anayesoma. Rajadhiraja aliuawa vitani Koppam mwaka 1054, naye juu ya tembo, na mdogo wake akatawazwa palepale uwanjani ili kiti kisikae wazi hata usiku mmoja.

Mwaka 1070 hesabu zikagoma. Mfalme kijana, Adhirajendra, hakumaliza mwaka. Mshairi wa upande wa Chalukya, ufalme jirani ambao walikuwa wakwe zake, anasema aliuawa kwenye maasi. Aliyeshika taji ni Kulottunga, mjukuu wa Rajendra kwa upande wa binti. Mtoto wa binti, kutoka Vengi, ufalme mwingine wa kaskazini! Sifa zake zilizochongwa zinaeleza hivi: ili mungu wa kike wa bahati wa nchi ya kusini asiwe mali ya kila mtu, na ili ardhi iliyojifunga mto Kaveri kama nguo isibaki mpweke, alilivaa taji kwa haki ya urithi. "Kwa haki ya urithi." Nilipolisikia hilo nililipigia mstari mara mbili kwenye daftari. Alitawala miaka 50.

Siku ya pili mwalimu alinirudisha kwenye ukuta wa Thanjavur, kwenye orodha ndefu kuliko zote. Ni majina ya wanawake 400 wa hekalu, wacheza ngoma waliohamishiwa hapo kutoka mahekalu mengine. Kila mmoja ameandikwa jina lake, hekalu alikotoka, mtaa na nyumba anayokaa, na posho yake: mpunga kalam 100 (kalam ni kipimo cha nafaka) kwa mwaka. Baada yao kuna wapigaji ngoma, wahasibu, washonaji, dobi, vinyozi, maseremala. Na kisha kanuni inayosema kwamba akifa mmoja wao au akihama, jamaa yake wa karibu achukue fungu na afanye kazi. Jamaa huyo akiwa hafai, achaguliwe mwingine anayefaa.

Mfalme aliyefika kwenye kiti kwa kupitia kaka aliyeuawa, baba mdogo aliyetamani na mashairi ya kufunika, aliiandikia posho ya mcheza ngoma mirathi iliyo wazi kuliko ya kwake. Sina hakika kama kuna mhtasari wa ukoo uliowahi kufika dirishani pangu ukiwa safi namna ile.

Na taa pia. Aliyetoa taa ya milele alitoa kondoo 96, na mfugaji aliyekabidhiwa alidaiwa kipimo cha samli kila siku, jua na mwezi vikidumu. Kondoo hao maandishi huwaita "wasiokufa wala wasiozeeka", kwa kuwa kila anayekufa sharti nafasi yake izibwe na mwingine na idadi isipungue. Anayejua wakfu atafahamu mara moja.

Kuna jambo linalonitia uchungu. Mji uliokuwa na yote haya chini ya macho yake ulisahau nani alilijenga hekalu. Simulizi za baadaye zilimpa mfalme mwingine. Mjerumani Eugen Hultzsch, aliyeajiriwa na serikali ya Madras mwaka 1886 kusoma maandishi, ndiye aliyeupata tena uhakika kwamba mjenzi ni Rajaraja. Njia ya wasoma maandishi hayo haijabadilika sana: jiwe husuguliwa, karatasi iliyoloweshwa hubandikwa, hupigwapigwa kwa brashi ngumu mpaka izame ndani ya kila herufi, kisha wino mweusi hupakwa juu. Ikibanduliwa, jiwe limetoka jeusi na maneno yametoka meupe. Mwalimu alifanya kazi hiyo ujanani wakati wa likizo. Alinionyesha mikono yake akaniambia wino ule ulikuwa hautoki wiki nzima.

Tulirudi Chennai alfajiri. Dada alikuwa ameamka, anakunywa uji. Nilimsimulia yote, wafalme na tembo, akawa anaitikia kwa kichwa kama mtu anayesubiri wageni waondoke. Nilipofika kwenye ile amri ya mfalme, akaweka kikombe chini.

"Kamtaja dada yake kabla ya wake zake?"

"Kabla ya wake zake."

"Anaitwa nani?"

Nikamwambia. Akalitamka mara mbili, Kundavai, Kundavai, kisha akaniomba nimwandikie jina hilo kwenye bahasha ya dawa, kwa herufi kubwa, asije akalisahau.